Ndoa Yako Itasomwa na Mtu Asiyekujua

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya Februari hapa Edmonton, mbele ya Waswahili waliotaka kujua namna ya kuwaleta wake na waume zao Kanada. Theluji iliwazuia wengi, nao wakaomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni, ila nimeondoa utani uliomhusu mtu aliyekuwepo.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mlionyamaza kote kuwili, habari za jioni.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama wa jikoni, harufu ya pilau imeshatufikia, na mtu mwenye njaa hasikilizi habari za fomu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwe mrefu.

Kwanza niwaambie mimi si nani. Si mwanasheria, wala si mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Ninawahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na hata leo nitatoka hapa kwenda kazini. Ninachokijua nimekijua kwa sababu niliomba kumleta mume wangu, nikakataliwa, nikakata rufaa, akaja. Tangu hapo watu hunipigia simu. Sichukui hela ya mtu, na hilo mlisikie vizuri: katika nchi hii anayelipwa kwa kutoa ushauri wa uhamiaji lazima awe mwanasheria, au awe mshauri aliyesajiliwa na chombo chao kilichoanza kazi Novemba 2021. Orodha ya majina yao iko wazi, unaitazama kwenye simu kabla hujatoa senti. Yule kaka anayekujazia makaratasi baada ya ibada kwa dola 800 anavunja sheria. Na faili likiharibika, jina lililoandikwa juu yake ni lako, si lake.

Wangu mimi hakuwa wa baada ya ibada. Alikuwa na ofisi, kiti cha ngozi na kibendera mezani. Kumbe leseni hana. Fomu zote alizimaliza kwa dakika arobaini huku akipokea simu. Palipoulizwa tulikutanaje, akaandika sentensi mbili: "Tulikutana harusini. Tulipendana tukaoana." Mimi nikasaini. Nilimwona mtu hodari sana, hana maneno mengi.

Sasa niwaambie afisa wa visa aliona nini. Aliona mwanamke wa miaka 41, mtalaka mwenye mtoto mmoja, anayeishi Kanada. Akaona mwanamume wa miaka 33, fundi umeme wa magari, Tanga, hajawahi kuoa. Akaona picha nne. Katika hizo nne, mbili tumesimama kama tunapigwa picha ya pasipoti, hatugusani hata bega. Akaona harusi isiyokuwa na ukumbi, keki wala ngoma. Akaona hela ninazotuma kila mwezi zinakwenda kwa mwanamke mwingine. Akamwita mume wangu kwenye mahojiano, akamwuliza siku yangu ya kuzaliwa, mwenzangu akataja mwaka tu. Akamwuliza mlichumbianaje, akajibu, "Wazee walikwenda."

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu nyote mnajua jibu hilo ni sahihi kabisa. Wazee walikwenda! Ulitaka aende nani?

Barua ya kukataliwa ilikuwa ya kurasa mbili. Nikalipa dola 5, nikaomba kupewa kumbukumbu za faili langu, maana sheria ya kupata taarifa inamruhusu mtu yeyote aliye hapa kuziomba. Zikaja. Nikazisoma jikoni saa nne asubuhi nimetoka zamu. Nilitegemea kukuta matusi. Nilikuta mtu amekaa, amesoma karatasi zangu kwa makini, akahitimisha kwa haki yake yote kwamba hawa wawili hawajuani. Kwa karatasi zile hata mimi ningejikataa.

Hapo ndipo lilipo neno nililokuja kulisema leo. Sisi tumelelewa kwenye stara. Mambo ya chumbani hayatoki sebuleni. Mke na mume hawashikani mikono mbele ya wakwe. Mtalaka akiolewa tena, inasomwa khutuba, watu wanakunywa kahawa na halua, wanaondoka, hatupigi ngoma kama tunamwoza mwari. Hela ya nyumbani namtumia wifi yangu kwenye M-Pesa, kwa sababu ndiye anayekwenda sokoni na ndiye anayemtunza mama mkwe. Meseji za mume wangu nilikuwa nazifuta, maana simu yangu mtoto anaichezea. Kila kitu tulichokifanya kwa heshima, kwenye faili kilionekana kama ndoa ya kununua.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wazee naona mnatabasamu, nanyi mabinti msijifanye hamkusikia. Ukitaka mtoto, kuna mahali itabidi ufunue. Nchi hii inakudai kitu hicho hicho: iache ndoa yako isomwe na mtu ambaye hakuwepo kwenye posa, hamjui shangazi yako, na hajui kwa nini bibi harusi wa Kiswahili hacheki siku ya harusi yake.

Sheria yenyewe ina ukali wake. Kanuni ya 4 ya kanuni za uhamiaji inasema ndoa haitambuliki ikiwa si ya kweli, au ikiwa ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata makaratasi. Sikilizeni hiyo "au". Hadi Septemba 2010 ilikuwa "na": afisa alihitaji yote mawili ndipo akukatae. Wakaibadilisha neno moja tu, na sasa moja linatosha. Ndiyo kusema hata kama leo mnapendana kama chanda na pete, akiona kwamba siku ile mliyooana shabaha kubwa ilikuwa Kanada, anaweza kukukataa. Kwa hiyo usimweleze mapenzi yenu ya leo peke yake. Mweleze ya tangu mwanzo.

Mahali pa kuyaeleza ni fomu inayoitwa IMM 5532. Ziko nyingine, na ile IMM 1344 ndiyo ya udhamini wenyewe, yaani ya wewe kuomba kumleta mwenzako, lakini hiyo 5532 ndiyo inayokula watu. Inauliza mlikutana wapi na lini, nani aliwakutanisha, uchumba ulikuwaje, harusini walikuwepo kina nani, wazazi wako wamemwona mwenzako au hawajamwona, mmetembeleana mara ngapi. Msiijaze usiku mmoja. Mimi mara ya pili, kwa ajili ya rufaa, niliijaza kwa wiki tatu, nikimpigia mume wangu simu kila jioni: "Siku ile Muheza nilikuwa nimevaa nini?" Yeye anasema dera la kijani, mimi nasema la bluu. Tuliandika kwamba tunabishana kuhusu rangi. Ndiyo, tuliandika hivyo. Watu waliokariri hawabishani.

Na palipo na jambo la mila, lieleze, usiliache likisubiri kueleweka lenyewe. Niliandika kwamba kwetu Tanga anayeposa ni wazee wa mume, wanapeleka barua ya posa, mahari inatajwa, na kwamba barua hiyo hii hapa, imeandikwa kwa mkono wa baba yake mdogo, na tafsiri yake imethibitishwa. Niliandika kwa nini mtalaka hapigiwi ngoma. Niliandika kwamba nimemzidi mume wangu miaka minane, kwamba mama yangu alilia wiki nzima, na kwamba shangazi yake alikataa kuja. Aibu? Aibu tele. Lakini ndoa ambayo hakuna ndugu aliyeipinga mimi mwenyewe ningeitilia shaka.

Picha wanataka zisizidi 20, na kurasa za mazungumzo zisizidi 10. Wengi mkisikia hivyo mnachagua zile 20 mlizopendeza. Usifanye hivyo. Afisa hatafuti uzuri wako. Weka ile ya foleni hospitalini. Weka ile unayomenya vitunguu na wifi zako, chini uandike tarehe, mahali na nani ni nani. Mazungumzo hivyo hivyo. "Nakupenda sana malaika wangu" mara mia haisemi kitu, hata matapeli wa mtandaoni huiandika. Weka ule mzozo wenu wa bati za kuezekea, kwamba fundi amekula hela na nani alimlipa kabla kazi haijaisha. Huo ni ushahidi. Na kuanzia leo, usifute chochote.

Kama hela unamtumia wifi, endelea kumtumia, ila wifi aandike barua aeleze, aambatishe na taarifa ya M-Pesa. Sisemi mubadili maisha yenu ili yafanane na ya Wazungu. Nasema myaeleze.

Nije kwenye nikaha. Hapa naomba ndugu zangu Waislamu mnisikilize sana, maana nimeona watu wakilia.

Tangu tarehe 11 Juni 2015, Kanada haikubali katika udhamini ndoa ambayo mmoja wenu hakuwepo kwa mwili wake. Ndoa kwa simu, hapana. Kwa video, hapana. Kwa wakili, wewe uko Edmonton na kaka yako amekupokelea mke msikitini Ujiji, hapana, hata kama shehe ni mwanazuoni na nikaha ni sahihi mbele ya Mungu. Hawasemi umezini. Wanasema kwa udhamini hii haihesabiki. Wanajeshi wa Kanada tu waliozuiwa na kazi ndio wana nafasi yao. Dawa yake ni tiketi ya ndege: nenda, mfunge tena, wote wawili mpo, mpate cheti kipya.

Na hapo kuna jambo linaloniumiza kichwa. Kwetu pwani bwana harusi anaozeshwa msikitini, bibi harusi yuko nyumbani kwao kwa kungwi, na anayesema "nimekuozesha" ni walii, yaani msimamizi wake. Soma tena ile kanuni: wote wawili wawepo. Mimi si wakili wa sheria, ila kama ungekuwa mdogo wangu ningekwambia nikaha ifungiwe nyumbani, bibi harusi awe ndani ya nyumba hiyo hiyo, atie sahihi kitabuni mwenyewe na apigwe picha akitia. Shehe hatakataa. Inapunguza neno moja la kubishana nalo.

Mke wa pili hawezi kuja. Afadhali niseme wazi kuliko uuze kiwanja kwanza. Kanada inatambua ndoa ile ya kwanza tu, na hata ukimwacha wa kwanza baadaye, yule wa pili lazima umwoe upya ndipo umwombee. Na Watanzania mwangalie vyeti vyenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazigawa ndoa: ya mke mmoja, au ya wake wengi ama inayoweza kuwa ya wake wengi. Nikaha huhesabiwa ya aina hiyo ya pili isipothibitishwa vingine, na afisa akiliona hilo kwenye cheti atauliza. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu mume na mke kwenda pamoja mbele ya hakimu na kutamka kwamba ndoa yao wameigeuza kuwa ya mke mmoja. Wachache wanalijua.

Talaka nayo. Mimi nilikuwa na karatasi ya talaka yenye mhuri wa shehe, nikaona yamekwisha. Hayakwisha. Kwa Tanzania Bara ndoa inavunjwa na mahakama. Kwanza Baraza la usuluhishi linatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mahakama inatoa amri ya talaka. Nilirudi Tanga kwa ajili ya hiyo amri, mume wangu wa zamani akaja mahakamani kwa hisani tu, Mungu ampe heri. Wakenya hapa mmetupita, mahakama zenu za kadhi zimo ndani ya Katiba, hati zake ni za mahakama. Lakini nanyi mliooana kimila, mahari na picha za ng'ombe hazitoshi. Sheria yenu ya ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila iandikishwe. Iandikisheni.

Ndugu zangu wa Kongo, na nyinyi mliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale. Sasa ni zamu yenu, na hapa sina utani.

Ukiingia Kanada kama mkaazi wa kudumu, kila mtu wa familia yako lazima awe ametajwa kwenye maombi yako: mke, mume, mtoto, hata asiyekuja nawe, hata yule mnayekosana na mama yake. Asipotajwa, na kwa hiyo hakupimwa wala kukaguliwa, sheria inamtoa kwenye familia yako. Namba ya kifungu ni 117(9)(d), nimeikariri kama namba ya simu ya mama yangu. Inamtoa moja kwa moja. Unakwenda kumdhamini baadaye unaambiwa huyu si ndugu yako kwa sheria hii, na cheti chake cha kuzaliwa hakibadilishi kitu.

Kwa nini watu hawakutaja? Najua sababu, mmenisimulia. Mtu kambini alisema waseja wanatoka haraka. Mtoto alizaliwa baada ya mahojiano, na mlikuwa mmengoja miaka tisa, mkaogopa kwamba ukisema faili litarudi mwanzo. Kijana aliitwa aondoke, akamwoa mchumba wake wiki mbili kabla ya ndege ili asije akaolewa na mwingine, akapanda ndege akiwa amejaza "sijaoa". Huyu wa mwisho ni wengi kuliko mnavyofikiri. Mapenzi ndiyo yaliyomponza.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, wakimbizi waliomtaja mtu wao lakini akabaki nyuma wana mwaka mmoja tangu siku ya kufika kumwombea kwa njia nyepesi inayomfuata yule aliyetangulia. Mwaka mmoja, jamani. Watu wanafika, wanatafuta nyumba, wanajifunza basi, mtoto anaugua, mwaka umekwisha. Kama una jirani aliyefika juzi, mwulize kesho asubuhi: umeacha mtu? La pili, tangu Septemba 2019 serikali ilianzisha nafuu ya majaribio kwa baadhi ya wasiotajwa, hasa wa wakimbizi na wa waliokuja kwa kudhaminiwa. Ina masharti na ina tarehe ya mwisho. Usiisikie kwangu ukalala, kamwone mwanasheria, na kuna wa msaada wa kisheria wasiolipisha.

Ila usijaribu kurekebisha uongo kwa uongo mwingine. Nimewahi kuombwa niandike barua kwamba mtoto "alipotea vitani akapatikana". Sikuandika. Ukikutwa umedanganya ni marufuku ya miaka 5, na mkaazi wa kudumu anaweza kupoteza hata hicho alicho nacho.

Ya hela yapo, nayapita haraka. Kumdhamini mke au mume hakuna kima cha chini cha mshahara kwa kawaida. Mtu anayepokea msaada wa ustawi wa jamii hawezi kudhamini, isipokuwa kama ni wa ulemavu. Fedha za bima ya kukosa kazi hazihesabiwi humo, hizo usiziogope. Kuanzia 30 Aprili 2024 ada ilikuwa dola 1,205 zote pamoja, na dola 85 za alama za vidole juu yake. Hupitiwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo tazama kabla ya kulipa. Kama wewe bado ni mkaazi wa kudumu, lazima uwe unaishi Kanada wakati wote wa maombi. Mwenye uraia anaweza kuwa nje, mradi aoneshe atarudi kuishi hapa mwenzake akipata. Cheti cha tabia njema mwenzako atakiombea kila nchi aliyokaa miezi 6 mfululizo katika miaka 10, na aliyewahi kufanya kazi Oman au Dubai aanze hicho mapema. Walio Montreal na Gatineau, mkoa wenu una hatua zake za ziada na ukomo wake wa maombi, yangu yasiwapotoshe.

Kipimo cha daktari nitakigusa kidogo kwa sababu watu wanakiogopa kimyakimya. Ndiyo, damu inapimwa virusi vya UKIMWI. Na hapana, mke au mume anayedhaminiwa hakataliwi eti matibabu yake yataigharimu nchi. Sheria imewatoa kwenye kipengele hicho. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza atatibiwa kwanza, kisha atakuja. Mwambie mwenzako leo, maana yuko mtu nyumbani anayeahirisha kipimo mwaka wa pili sasa na hakwambii kwa nini.

Kisha kuna ile ahadi unayoisaini. Miaka 3, kuanzia siku mwenzako anapokuwa mkaazi wa kudumu, wewe ndiye wa kumlisha, kumvisha na kumpa paa. Akichukua msaada wa serikali, deni ni lako. Mkiachana, deni ni lako. Ukifukuzwa kazi, deni ni lako. Naye aliyedhaminiwa hawezi kumdhamini mume au mke mwingine mpaka miaka 5 ipite.

Sasa kaka zangu, na dada wachache, niwe mkali kidogo.

Kuna maneno nayasikia kwenye nyumba zetu: "Mimi ndiye niliyekuleta, nitakurudisha." Huwezi. Zamani, kuanzia Oktoba 2012, kulikuwa na sharti kwamba baadhi ya waliodhaminiwa wakae na mdhamini miaka 2, wasipokaa ukaazi unachukuliwa. Sharti hilo lilifutwa Aprili 2017. Limekufa. Mke aliyekwisha kupata ukaazi wa kudumu akikukimbia kwa sababu unampiga, ukaazi wake anakimbia nao. Unachoweza ni kuondoa maombi kabla hajaupata, na wapo wanaolitumia hilo kama fimbo, wakiomba maombi ya hapa hapa nchini huku mwanamke anangoja jikoni miezi na miezi hajui hata namba ya faili lake. Dada uliye katika hali hiyo: tangu Julai 2019 kuna kibali maalumu cha muda kwa mtu ambaye hajapata ukaazi wa kudumu na ananyanyaswa na mwenziwe, hakina ada, na kinakuruhusu kuomba kufanya kazi. Mambo haya nilitaka kuyasema kwenye mkutano wa kina mama peke yao. Nimeona bora waume wayasikie.

Mliokwisha kukataliwa, niwaambie yangu yaliishaje. Kama mwenzako aliombewa akiwa nje ya Kanada, una siku 30, tangu upate barua ya kukataliwa, za kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Kufungua ni bure. Anayekata ni wewe mdhamini, si yeye. Na raha yake ni kwamba unaruhusiwa kuleta ushahidi mpya ambao yule afisa hakuuona. Aliyeombewa akiwa ndani ya Kanada kwa njia ya ndani hana rufaa hiyo, anabaki na Mahakama ya Shirikisho na siku 15. Lifikirieni hilo kabla ya kuchagua njia. Ile ya ndani ina utamu wake, mtu anakaa na mumewe na anaweza kuomba kibali cha kazi, lakini mlango wa nyuma ni mwembamba.

Siku ya kusikilizwa mume wangu alikuwa kwenye simu, Tanga, saa za usiku, kunguru siwasikii, ila nasikia pikipiki zinapita. Wakili wa serikali akamwuliza tena siku yangu ya kuzaliwa. Safari hii alikuwa ameshaijua, akaitaja, na ikasikika kabisa kwamba ameikariri. Nikaona tumekwisha. Ndipo mjumbe, yule anayeamua rufaa, akamwuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: mara ya mwisho mkeo kuumwa ilikuwa lini?

Akaanza. Goti la kushoto, si la kulia. Akaeleza nilianguka kwenye barafu nikitoka zamu. Akataja dawa mbili, moja ilinifanya nitapike nikaiacha. Akasema usiku wa kwanza baada ya upasuaji simu ilikuwa wazi mpaka kwao kukakucha, kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda msalani peke yangu, akawa ananisikiliza mpaka nirudi kitandani. Akasema alimtuma dada yake akamwombe shehe dua, na dada yake akala hela ya sadaka. Mkalimani alicheka kabla hajatafsiri.

Hayo yote yalikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuyaandika, niliona goti langu halimhusu mtu.

Maswali? Haya, wewe kijana wa nyuma. Anasema hana picha hata moja ya harusi, simu iliibwa Kigoma. Mdogo wangu, harusi yako nani alipika? Shangazi. Shangazi ana binti? Binti ana simu? Mpigie sasa hivi, huko ni alfajiri, watakuwa wameamka kuswali. Toka nje usikie vizuri, na huyo unayemwona anakwangua theluji kwenye gari langu ndiye mume wangu, mwambie aingie, pilau tayari.